Kidonge cha mwenzako kinapopanga saa zako za kulala

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni hapa Dodoma, kikundi chetu cha diskasheni kilikutana baada ya magharibi na kuvunjika saa nne. Kisha wawili wakaanza kumeza vidonge vya kukesha. Haukupita muda, kikao kikasogea hadi saa nane usiku, na sisi tuliosinzia juu ya madesa, yaani notsi za kusomea, tukaitwa wavivu. Hakuna aliyetulazimisha kumeza kitu, lakini waliokesha ndio waliotuamulia jitihada ya kutosha ni ipi. Mwenzetu mmoja, ambaye bumu lake, yaani pesa ya mkopo wa kujikimu, liliishia kwenye chakula, akaanza kukopa ili naye anunue.

UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, zikikaribia, wanafunzi huniuliza kama vidonge hivi vina madhara mwilini. Vinayo: moyo kwenda mbio, hamu ya kula kukata, na kwa baadhi uraibu. Methilifenideti, mojawapo ya vidonge hivyo, ni ya watu wenye shida ya kutulia na kuzingatia. Modafinili, nyingine, ni ya wenye maradhi ya kushikwa na usingizi mchana. Aliye mzima, faida kubwa anayoipata ni kukaa macho, huku akipoteza usingizi ambao ubongo huutumia kuhifadhi alichosoma. Huko Marekani, chuo kikuu cha Duke kiliandika mwaka 2011 kwamba kutumia dawa hizi bila cheti cha daktari ili kufaulu ni udanganyifu. Kwa kijana anayeogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, naliona neno hilo zito mno. Ila nani atamlipa fidia yule aliyekopa?

Kwa hiyo kubalianeni saa ya kuvunja kikao kabla hamjafungua desa, na anayetaka kukesha akeshe peke yake.

Jambo jingine linaniuma zaidi. Dada mmoja tuliyesoma naye alipewa mojawapo ya dawa hizi na daktari, kihalali kabisa. Habari zilipovuja, mlango wake haukupumzika: hawa wanaomba kimoja, wale wanasema alama zake si zake. Akaanza kuimeza kwa kujificha, mwishoni akaiacha, na muhula ule akapata sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia. Tafadhali, msimwombe mgonjwa dawa yake, wala msiinunue kwake.

Na kama akili yako imekuwa ikitawanyika tangu utotoni, si msimu wa mitihani tu, muone daktari. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapa hapa mjini. Najua jina hilo linavyotumiwa kwa matusi mitaani. Nenda hivyo hivyo, na ukiogopa macho ya watu, mwombe rafiki akusindikize.