Maswali na majibu: "Sikuwepo" mbele ya "nilimwona kwa macho yangu"

Mashahidi watatu wanasema walimwona mshtakiwa akiua. Yeye anasema alikuwa mji mwingine, tena hana wa kumthibitishia. Si kesi imekwisha hapo?

Haijaisha. Wengi hudhani jaji ameshika mizani: mashahidi huku, utetezi wa kutokuwepo kule, kisha anatazama wapi kumelemea. Sivyo inavyokwenda. Mshtakiwa anayesema "sikuwepo" hana mzigo wa kuthibitisha alikokuwa. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya maana, kwamba alikuwepo na ndiye aliyeua. Kwa hiyo hao watatu wanapimwa kwanza wao wenyewe, hata kama mshtakiwa angekaa kimya.

Wanapimwa kwa maswali ya kuchosha kidogo. Ilikuwa usiku au mchana? Kama kulikuwa na taa, ni taa gani, ilikuwa upande upi, mwanga wake ulifika wapi? Shahidi alisimama umbali gani, alimtazama kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla? Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyapanga mambo haya mwaka 1980 katika kesi ya Waziri Amani. Uingereza waliyaweka katika kesi ya Turnbull mwaka 1976. Mimi huongeza swali ninalolipenda kuliko yote: alisema nini mara ya kwanza, kabla hajasikia nani amekamatwa? Shahidi aliyemtaja mtu kwa jina au kueleza sura na mavazi yake dakika chache baada ya tukio, simlinganishi na aliyekumbuka baada ya wiki tatu.

Na wingi usikutishe. Kirk Bloodsworth wa Maryland, Marekani, alihukumiwa mwaka 1985 kwa mauaji ya mtoto wa miaka 9. Mashahidi watano walisema walimwona ama akiwa na mtoto huyo ama karibu na eneo lile. Alijitetea kwamba hakuwepo, akahukumiwa kifo. Mwaka 1993 kipimo cha vinasaba kikamtoa gerezani, na miaka kumi baadaye vinasaba vikaonyesha mtu mwingine.

Lakini shahidi aliapa, akalia, akasema hawezi kuisahau sura ile. Kwa nini adanganye?

Hakuna aliyesema anadanganya. Mwongo huvunjwa kwa maswali ya wakili. Anayekosea kwa moyo safi havunjiki, maana anaamini anachosema. Mtu akitishiwa na silaha, macho mara nyingi huganda kwenye silaha, sura ikapita juujuu. Halafu kuna gwaride la utambuzi, watu wanapopangwa mstari ili shahidi amchague aliyemwona: shahidi anamgusa mtu kwa kusitasita, askari anamwambia "umepatia". Akifika kizimbani kusitasita kumeyeyuka, na yeye mwenyewe hakumbuki kwamba aliwahi kusita. Hata anayemfahamu mtu siku zote anaweza kumfananisha, ingawa huyo ana uzito kuliko aliyemwona mgeni mara moja.

Shahidi wa mshtakiwa ni mkewe tu. Ana thamani?

Anayo. Saa nane za usiku ulitaka awe na nani? Undugu ni sababu ya kumsikiliza kwa tahadhari. Si sababu ya kumtupa.

Kaka yangu alitaja alikokuwa siku ya kujitetea tu, hakuwahi kusema kabla. Itamdhuru?

Inaweza, na sana. Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka atoe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Akichelewa, atoe maelezo kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Asipofanya hivyo, mahakama ina hiari ya kutoupa utetezi huo uzito wowote. Sababu yake ni ya haki: polisi wapate nafasi ya kwenda kuuliza huko anakosema alikuwa. Hata hivyo, utetezi ukikosa uzito, udhaifu wa mashahidi wa mashtaka unabaki palepale. Mawakili wengine husahau hilo wakahangaika na kaka peke yake.

Ikigundulika alidanganya kuhusu alikokuwa, si ndiye muuaji?

Taratibu. Kesi ile ile ya Turnbull ilionya juu ya hili. Watu hudanganya kwa hofu, na wengine kwa aibu: alikuwa kwa hawara, anaona heri atunge safari. Uongo unamharibia sifa ya kuaminika, lakini peke yake haumweki kwenye eneo la mauaji.

Siku hizi kuna simu na kamera. Si zinamaliza ubishi?

Kumbukumbu za mnara wa simu zinaonyesha simu ilikuwa eneo gani, tena kwa kukadiria. Hazionyeshi nani aliishika. Ndiyo maana zinahitaji mwenza. Los Angeles, mwaka 2003, mtu alishtakiwa kwa mauaji baada ya shahidi kumtambua. Alisema alikuwa uwanjani na binti yake wakitazama besiboli, tena alikuwa na tiketi. Kilichomwokoa ni picha za kipindi cha televisheni kilichokuwa kikirekodiwa uwanjani usiku ule, zikionyesha saa, pamoja na kumbukumbu za simu yake. Mashtaka yalifutwa, naye tayari alikuwa amekaa mahabusu kwa miezi.