"Umekuja na mfuko?" Maswali yenu kuhusu kuachana na malailoni

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kwenda dukani na mfuko wako mwenyewe badala ya kurudi kila siku na rambo jipya, yaani mfuko wa plastiki, nikasema mwenye swali aulize. Mmeuliza kweli kweli, asanteni. Nimechagua haya.

Dada shikamoo. Mimi sio kwamba sitaki, mifuko ya kitambaa ninayo nyumbani sijui saba sijui nane, shida nafika kaunta ndo nakumbuka iko nyumbani, basi nachukua la plastiki au nanunua mwingine. Nifanyeje? – Msahaulifu

Marahaba mdogo wangu, na usijilaumu sana, swali lako limeulizwa na wengi kuliko mengine yote. Jiulize mfuko wako unapotea saa ngapi. Sio asubuhi unapotoka, ni jana yake uliporudi, ulitoa vitu ukauacha mezani, mtu akausukumia kabatini na wenzake saba, ndo basi tena. Kwa hiyo dawa yake iko pale unaporudi: ukishatoa kitu cha mwisho, kabla hata hujakaa, ukung'ute, ukunje, uuning'inize kwenye kitasa cha mlango wa kutokea, yaani kesho usiweze kufungua mlango bila kuugusa.

Mimi ninao mmoja mwepesi wa kitambaa cha aina ya mwavuli, naulaza chini, naukunja kwa urefu mpaka unakuwa kama mkanda mpana, halafu naanza pembetatu kutoka chini, napindua, napindua, mpaka juu, ncha ya mwisho naichomeka ndani na unabaki mdogo kama pochi ya chenji. Unakaa kwenye mkoba pamoja na funguo na hautoki humo ila kwa kazi, ukimaliza unarudi humo humo.

Na siku ukisahau kabisa, nakuomba sana, usinunue wa tisa. Vitu viwili vitatu beba mkononi, vikiwa vingi omba boksi tupu, maduka mengi yanayo nyuma huko na wanayatupa.

Dada habari za kazi. Nina duka, wateja wangu wanadai mfuko hata kwa kitu kimoja kinachoshikika. Nikiwanyima naogopa watahamia kwa jirani. Nikiwapunguzia bei kidogo wanaokuja na mifuko yao itasaidia? – Mwenye duka

Salama ndugu yangu, na nimefurahi swali limetoka upande wa pili wa kaunta maana wewe una nguvu kuliko sisi wote tunaoandika. Ila punguzo halitafua dafu. Hili lilishapimwa Marekani, jijini Washington na kaunti jirani ya Montgomery, kuna maduka yalimpa mteja senti 5 akitumia mfuko wake, halafu ikaja kodi ya senti 5 kwa kila mfuko anaochukua. Senti ni zile zile tano! Zawadi haikubadilisha karibu chochote, kodi ikawafanya wengi sana waache kuchukua. Binadamu kupoteza senti kunamuuma kuliko kuipata kunavyomfurahisha. Ireland nao walipoanza kutoza senti 15 za yuro kwa mfuko, Machi 2002, makadirio yao yalikuwa mtu mmoja alikuwa anatumia mifuko 328 kwa mwaka, ikashuka mpaka kama 21. Sio kwamba watu wa kule walikosa hizo senti 15, ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu alilazimika kusema kwa mdomo wake "ndiyo, nautaka".

Na hapo ndo pa kuanzia hata kama hutaki kutoza chochote. Angalia mikono yako siku moja ukiwa kaunta: mteja hajasema kitu, wewe ushachomoa mfuko, ushaulamba kidole kuufungua, ushaanza kuingiza vitu. Acha mikono itulie. Muulize "umekuja na mfuko?" halafu nyamaza usubiri, wengi watasema hapana lakini na hicho kimoja watakibeba hivyo hivyo, na ukiulizwa hivo mara tatu mara nne ya tano unakuja nao. Usiulize "nikuwekee kwenye mfuko?", hiyo jibu lake ni ndiyo siku zote.

Tangazo la kukumbusha libandike mlangoni kwa nje, sio kaunta, kaunta mtu ameshafika na mikono mitupu na utamuaibisha bure. Mlangoni anaweza kurudi kwenye gari au baiskeli akauchukua. Halafu weka boksi la mifuko ya kuazimana, watu walete ile iliyowajalia makabatini (Msahaulifu, hapo juu, nakuangalia wewe na hiyo saba), asiye nayo achukue, siku nyingine arudishe. Mingine haitarudi, sawa tu, iko kazini. Kuhusu jirani, mfuate mkaongee muanze siku moja, na yeye hiyo mifuko anainunua kwa hela yake kama wewe.

Shemeji yangu anasema tunajidanganya, kuna utafiti umeonyesha mfuko wa pamba unaharibu mazingira kuliko wa plastiki mara elfu kadhaa. Ni kweli? – Nimechanganyikiwa

Shemeji hajatunga, ila amekusimulia nusu. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilitoa ripoti, na ndani yake mfuko wa pamba ya kawaida unatakiwa utumike mara 7,100 ndo ulingane na wa plastiki. Namba hiyo inapatikana ukichukua madhara ya kila aina, maji, mbolea, tabaka la ozoni na mengine, halafu ukafuata lile lililo baya kuliko yote. Ukiangalia joto la dunia peke yake, ripoti hiyo hiyo inasema mara 52. Wenzao wa Uingereza mwaka 2011 kwa hesabu ya joto peke yake walipata mara 131 kwa pamba, na mara 11 kwa ile mifuko ambayo watu wanaiita ya kitambaa kumbe ni plastiki. Unaijua? Ina vidoti vidogo vidogo vimegandamizwa uso mzima, ukiukwangua kwa kucha unatoa manyuzinyuzi.

Sasa chukua mtu anayeenda sokoni mara moja kwa wiki. Mara 11 anazimaliza ndani ya miezi mitatu. Mara 52 ni mwaka, 131 ni miaka miwili na nusu, na mfuko wa pamba ulioshonwa vizuri unafika huko bila shida. Asiyefika ni yule mwenye minane, kila mmoja umetoka mara mbili. Hapo shemeji yuko sahihi kabisa, na mimi namuunga mkono.

Kitu ambacho hizo hesabu hazikuweka kwenye mizani ni mfuko ukishapeperuka. Lile la plastiki ni jepesi hata halina haja ya kutupwa, upepo unalichukua lenyewe, linaingia mtaroni, linajibandika kwenye wavu wa maji machafu na nyuma yake yanajibandika mengine. Bangladesh walipigwa na mafuriko makubwa 1988 na 1998, mifuko ikatajwa kuwa moja ya vitu vilivyoziba mifereji, na mwaka 2002 wakawa nchi ya kwanza duniani kuipiga marufuku. Baharini huko kasa anaona kitu cheupe kinaelea kinacheza cheza, anajua ni kiwavi cha bahari (yavuyavu, kile kiumbe laini kama jeli), anameza. Mimi hilo la kasa linaniumiza, sioni namba ya kuliweka.

Kwa hiyo mjibu shemeji hivi: sinunui mpya, natumia niliyonayo mpaka ichanike. Na ikichanika shona. Inaanza kuachia pale mkanda unapokutana na mdomo wa mfuko, ukiona uzi umeanza kulegea piga mshono wa kisanduku na msalaba katikati, dakika kumi tu, umeongeza miaka.

Je ya karatasi? – K.

Kwenye hesabu ile ya Uingereza inatakiwa itumike mara 3 ilingane na rambo. Mara tatu, na mvua moja tu inaumaliza. Kama umepewa utumie, lakini usiutafute.

Samahani kwa swali langu, mfuko wangu unanuka. Nabebea nyama, mboga, sabuni, vyote. Nilikuwa sijui kama unafuliwa. – Aibu yangu

Usione aibu, wengi hawafui. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichukua mifuko ya wanunuzi wakaipima, asilimia 8 ilikuwa na E. coli, bakteria wa kinyesi, na karibu wenye mifuko wote walisema hawajawahi kuifua. Habari njema ni kwamba kufua, kwa mkono au mashine, kuliondoa zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria.

Tenga mfuko mmoja wa nyama na samaki tu, uwe na rangi yake au uufunge uzi mwekundu kwenye mkanda ili hata mtoto ukimtuma ajue. Huo ufue kila ukirudi nao. Mingine ifue kila baada ya wiki mbili tatu, ugeuze nje ndani maana uchafu unakaa kwenye pembe za chini, utaona vumbi la udongo limeganda humo na mabaki ya majani. Ile ya vidoti isiguswe na maji ya moto inakunjamana, maji ya kawaida na sabuni yanatosha. Anika mpaka ukauke kabisa ndo ukunje, ukikunja mbichi harufu inarudi. Na usiuache ndani ya gari juani ukiwa na damu ya nyama, joto lile ndo bakteria wanalitaka.

Dada, mama mkwe anaishi nasi na ana mfuko mmoja mkubwa wa plastiki uliojaa mifuko ya plastiki. Nataka nyumba iwe safi bila plastiki lakini nikigusa ananuna. Nimwambieje? – Mkwe

Usimwambie kitu mwanangu, na usiitupe. Mifuko hiyo imeshatengenezwa, ukiitoa leo unaipeleka jalalani mitupu. Iwekeni kwenye ndoo ya taka, ukiisha mmoja chukua mwingine, hivyo hamtanunua ya taka kwa muda mrefu.

Halafu nikusimulie. Huu mfuko wenye mikono miwili umebuniwa na mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, kampuni aliyofanyia kazi, Celloplast, ikapata hataza (hati ya kulinda ubunifu) Marekani mwaka 1965. Mwanawe alikuja kueleza kwamba baba yake alikuwa anafikiria miti inayokatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi, akatengeneza kitu chepesi, kigumu, cha kutumia tena na tena, na mwenyewe alitembea na mmoja mfukoni, umekunjwa. Wazo la watu kuutumia mara moja na kuutupa lingemshangaza.

Sasa mama mkwe wako anafanya kile kile. Kaa naye jioni muichambue pamoja, iliyotoboka upande wa taka, mizima upande wa sokoni, na mwombe akuonyeshe anavyoikunja. Wiki ijayo mkienda sokoni, mpe yeye kazi ya kushika mifuko. Hatasahau hata mmoja.