Usiache ngano kabla ya kupimwa

Pole sana, dada. Umeuliza kama uache ngano sasa hivi, kwa kuwa tumbo linajaa gesi kila ukila mkate na damu imepungua. Nakusihi, subiri upimwe kwanza. Huenda ni siliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mtu akila gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano. Kipimo chake cha damu hutafuta kingamwili, yaani chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza kwa sababu ya gluteni, na ukiiacha mapema zitapungua. Unaweza kuambiwa huna tatizo kumbe unalo.

Ikithibitika, ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), zote zenye gluteni, unaziacha maisha yote, hata ukijisikia mzima, maana utumbo unaweza kuumia kimyakimya. Jikoni ndiko wengi hukwama: ubao wa kukatia mkate, mafuta yaliyokaangiwa vitu vya unga wa ngano, kijiko kimoja kukorogea sufuria mbili. Chembe tu zinatosha kudhuru. Wazazi, ndugu na watoto wako nao wapimwe, hata wasio na dalili.