Majani ya mwaridi yana madoa meusi na yanapukutika: nipulizie nini?

SWALI: Bwana shamba, habari za kazi. Niko Njiro, Arusha. Nina miwaridi sita kando ya ukuta. Tangu masika yaanze majani yanaota madoa meusi, yanakuwa ya njano, kisha yanapukutika kuanzia chini. Nimepulizia dawa ya wadudu mara tatu, wapi! Namwagilia kila jioni kwa mpira nikitoka kazini. Halafu mmoja umetoa tawi refu kama fimbo, halina hata ua. Nifanyeje?

JIBU: Salama mama, na pole. Hiyo dawa umeimwaga bure, kwa sababu hapo hakuna mdudu, ni kuvu. Chuma jani moja ulitazame juani. Doa la ugonjwa huu hukaa upande wa juu wa jani, na ukingo wake umechanikachanika kama tone la wino lililoangukia karatasi ya chooni. Ungeona unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, ningesema kutu. Unga mweupe kwenye machipukizi ungekuwa ubwiri unga. Ugonjwa wako wewe unaitwa doa jeusi.

Kuvu hii inataka jani likae na maji kwa muda wa saa saba hivi ndipo ishike. Sasa wewe unamwagilia jioni, juu ya majani, na ukuta unazuia upepo: jani linalala limelowa mpaka jua litoke. Umeipikia na kuitandikia kitanda! Mwagilia asubuhi, mpira ukiwa chini shinani. Ndoo ya lita 10 kwa mche, mara mbili kwa wiki, inatosha. Mvua ikinyesha vizuri, acha kabisa.

Okota majani yote yaliyodondoka, hata yale yaliyonasa kwenye miiba, uyachome. Usiyatie kwenye mboji. Kisha pogoa matawi yanayosuguana katikati ili hewa ipite: kata kwa mshazari, nusu sentimita juu ya jicho (pale chipukizi linapotokea) linalotazama nje, na ufute mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mche mwingine.

Masika huwezi kuizuia mvua isiloweshe majani, basi hapo dawa ya ukungu ina kazi. Yenye mankozebu hukinga jani ambalo bado halijaugua, haiponyi lililougua. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko na uvae glavu. Jani lenye doa halirudi kuwa kijani, kwa hiyo pima mafanikio kwa majani mapya.

Na hiyo fimbo? Fukua udongo uone inakotokea. Ikiwa ni chini ya pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la mche mwingine, hilo ni chipukizi la shina la chini, linanyonya chakula cha mwaridi wako. Usilikate kwa mkasi, litachipua tena. Shika kwa glavu nene, livute kwa nguvu ling'oke na kisigino chake.