Hilux ya dizeli inazima kwenye foleni: tafuta upepo kwenye njia ya mafuta kabla pampu haijafunguliwa

Mkuu umeuliza kwanini Hilux yako ya injini aina ya 3L inazima ukiwa gia ya kwanza au ya pili kwenye foleni, na fundi keshakwambia pampu ya dizeli imekufa. Aisee hiyo hela usitoe kwanza. Mimi ninayo ya 5L, mwaka wa tisa huu, na hilo tatizo lilinitesa miezi minne, Kimara mpaka Ubungo kila asubuhi.

Kwanza kabisa angalia inazima klachi ikiwa wapi. Kama inazima pale unapoachia klachi ili uondoke, basi ni namna unavyoachia au umeng'ang'ania gia ya pili wakati gari limeshakaribia kusimama, au sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) iko chini, hizi injini sailensa iwe kwenye mizunguko 700 hivi kwa dakika na ukiwasha AC ipande yenyewe, ikishuka badala ya kupanda anzia hapo. Lakini kama inazima klachi ikiwa imekanyagwa mpaka chini au uko nyutro, hapo dereva huna kosa, mara nyingi injini imekosa mafuta.

Yangu ilikuwa hivi: nakaribia tuta, natoa mguu kwenye mafuta, nakanyaga klachi, mngurumo unashuka unapitiliza pale ulipotakiwa kutulia, inatetemeka mara mbili tatu, kimya. Na ikizima kwenye mteremko ni hatari kweli, breki ukikanyaga mara mbili tatu inakuwa ngumu kama jiwe na usukani unakuwa mzito, kwahiyo hili sio jambo la kuzoea. Ila njia kuu spidi 80 inaenda vizuri tu. Halafu ikilala usiku asubuhi inawaka kwa shida, ukipampu ile hendi pampu (pampu ndogo ya mkono) ya juu ya filta mara kumi hivi inawaka hapohapo.

Hizo dalili mbili, kuzima sailensa na kuwaka kwa shida asubuhi, zikiwa pamoja shuku upepo, yaani hewa imeingia kwenye njia ya dizeli. Filta ikiziba mara nyingi gari linakosa nguvu pale unapolidai nguvu, mlimani au na mzigo. Upepo unakusumbua sailensa kwa sababu hapo kila silinda inapewa tone dogo sana la dizeli, kipovu kikipita tu inakosa.

Na kinachowapoteza mafundi wengi ni kwamba wanatafuta panapovuja na hawaoni. Hawawezi kuona! Kwenye hizi injini pampu ndo inayovuta dizeli kutoka kwenye tenki, kwahiyo palipo na ufa injini ikiwa inaunguruma hapatoi mafuta nje, panaingiza hewa ndani, unakuta pakavu kabisa. Mimi fundi wa kwanza alinitoza laki tatu na nusu kupima nozo (zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda) na gari likazima siku ileile narudi nyumbani, roho iliniuma sana.

Aliyenisaidia ni kijana wa gereji nyingine, alifunga kipande cha mpira unaoonesha ndani kati ya filta na pampu, tukawasha, vipovu vinapita kama soda. Halafu akachukua kidumu cha dizeli safi akakiweka juu kuliko injini, mpira wa kwenda kwenye pampu na ule wa ritani (unaorudisha dizeli iliyobaki) yote akaitumbukiza humo, gari likakaa sailensa nusu saa bila hata kutetemeka. Hapo ikajulikana pampu ya dizeli ni nzima, tatizo lipo kati ya tenki na pampu. Kumbe ni ileile hendi pampu, raba yake ya ndani imekauka. Tukabadilisha yote, na mipira midogo na klipu zake, tukatoa upepo, haikufika laki. Haijazima tena huu mwaka wa tatu.

Ukiwa hapo fungua na kile kikoki cha chini ya filta umwage maji, dizeli ya kwenye madumu mara nyingi ina maji.

Kama kuna mwingine anasoma ana D4D (injini mpya zaidi ya dizeli ya Toyota), yako ni tofauti kidogo, pamoja na upepo uliza habari ya ile valvu ya umeme inayopima mafuta yanayoingia kwenye pampu, ikichoka nayo inazima gari sailensa.

Mkuu nunua huo mpira unaoonesha ndani, ni hela ndogo, ufunge kesho asubuhi kabla hujawasha, kisha njoo useme umeona nini.