Kwa Anayeanza Kuzalisha Geko Wenye Ualbino: Chagua Wazazi kwa Daftari

Wengi wanaoanza kuzalisha mijusi aina ya geko huku Nyanda za Juu Kusini, wawe Iringa mjini au Uyole, huchagua wazazi kwa macho: huwaweka pamoja dume na jike waliopauka kuliko wenzao, kisha husubiri mayai. Ushauri wangu ni kwamba uchague kwa daftari, yaani kwa kumbukumbu zilizoandikwa za nasaba ya kila mnyama, kwa kuwa rangi ya ngozi huonyesha sehemu ndogo tu ya yale ambayo mnyama atawarithisha watoto wake.

Ualbino wa geko chui, ambaye asili yake ni nchi kama Pakistani na Afghanistani, hutokana na jeni inayojificha, yaani mtoto hana budi kuipata kwa baba na kwa mama ndipo ionekane. Ukiwapandisha wabebaji wawili wa jeni hiyo wenye rangi ya kawaida, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mwenye ualbino. Na kati ya ndugu zake wenye rangi ya kawaida, wawili kwa kila watatu, kwa wastani, wanaibeba jeni hiyo bila alama yoyote ya kuwatambulisha. Kwa kuwa jike hutaga mayai mawili tu kwa mkupuo, usitoe hukumu juu ya wazazi kutokana na mkupuo mmoja.

Jambo linalowachanganya wageni zaidi ni kwamba ualbino wa geko chui si wa aina moja. Zipo koo tatu zinazojulikana, yaani Tremper, Rainwater na Bell, na kila moja ina jeni yake. Dume wa Tremper na jike wa Bell, wote wawili wakiwa na ualbino, huzaa watoto wenye rangi ya kawaida, na hapo mfugaji hudhani ametapeliwa. Hasara kubwa huja baadaye, kwa sababu wajukuu wakizaliwa na ualbino hakuna atakayejua umetoka upande upi, na ukoo mzima unakuwa umevurugika. Muuzaji asiyeweza kutaja ukoo wa mnyama wake sinunui kwake, hata akipunguza bei vipi.

Daftari liandike pia magonjwa. Rangi iitwayo Lemon Frost ilipendwa mno kwa mng'ao wake, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliihusisha na jeni ya SPINT1 na kuonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya geko wenye rangi hiyo hupata uvimbe wa seli za rangi. Geko wa rangi nyingine, iitwayo Enigma, wengi hushindwa kujisawazisha, wakazunguka mahali pamoja na kulikosa windo. Kwa maoni yangu, rangi inayomtesa mnyama haifai kuzalishwa, hata wateja wakiililia.

Baridi ya kwetu nayo ina neno katika kazi hii. Mayai yakiatamiwa kwenye takribani nyuzi joto 26 za Selsiasi hutoa majike zaidi, na kwenye 32 hutoa madume zaidi. Kwa hiyo, Juni na Julai, umeme unapokatika usiku na mashine ya kutotoleshea ikapoa, jinsia uliyoipanga huenda usiipate. Andika joto la kila siku, wala usiyageuze mayai. Aksoloto, amfibia wa Meksiko anayependa maji ya nyuzi 16 hadi 18, hunufaika na baridi hiyohiyo. Aksoloto wenye ualbino walitokana na kupandishwa na salamanda chui-milia katika miaka ya 1960, na hivyo hata weupe wao una nasaba ya kuandikwa.

Usichukue mbegu porini. Wanyamapori wanalindwa na sheria, na kufuga kunahitaji kibali. Vyura wa Kihansi, waliotangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka porini, walirudishwa bondeni kwao kuanzia 2012 kutokana na waliozalishwa katika bustani za wanyama za Marekani, na huko lengo lilikuwa kuhifadhi spishi, wala si kutafuta rangi.

Wenye ualbino wapunguzie mwanga, kwani macho yao huumia upesi. Anayeulizia mnyama mweupe kwa ajili ya dawa za kienyeji mkatalie papo hapo. Watoto ambao ukoo wao haujulikani wauzwe kwa ajili ya kufugwa tu, na mnunuzi aelezwe hivyo kwa maandishi.