Laki mbili yako ilivyokwenda: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Mkeo anaendelea vizuri. Jana amekula ugali kwa dagaa akamaliza sahani, na jembe nimemficha mpaka nitakapoona midomo yake imerudi rangi. Baba yako anakusalimu.

Ujumbe wako nimeusoma. Umeuliza: “Mama, mjamzito si anatibiwa bure? Sasa laki mbili niliyotuma imekwenda wapi?” Umeuliza kwa adabu, sikuchukia. Baba yako ndiye aliyetaka kuchukia, nikamwambia mwenye hela ana haki ya kuuliza hela yake. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mtandao wa huku unakatika, na wewe siku zote una haraka.

Hujakosea. Kipimo cha malaria hatukulipia, mseto, vile vidonge vya kutibu malaria, hatukulipia, na sindano za hospitali ya wilaya hatukulipia. Hata chandarua alipewa bure siku alipoandikishwa kliniki. Mimi nilipokuwa na mimba ya mdogo wako tulikuwa tunapewa hati punguzo: karatasi unakwenda nayo dukani, unaongeza na hela yako, ndipo upewe chandarua. Wapo waliokosa hiyo ya kuongeza, hati ikakaa sandukuni mpaka mtoto akatambaa. Mwaka 2009 nyongeza ikashushwa ikawa shilingi 500, na 2014 mpango wenyewe ukaisha. Kwa hiyo siku hizi ni nafuu, sibishi.

Ila dawa iko zahanati, na mgonjwa yuko chumbani kwangu hawezi kusimama. Hapo katikati ndipo hela yako ilipokwenda.

Homa yenyewe haikuja kwa kutetemeka kama tuliyoizoea. Mkeo alikuwa anachoka tu. Akitoka kisimani anakaa kizingitini anahema juu juu, kichwa kinamuuma, chakula hakitaki. Wanawake wakasema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Nesi alinieleza baadaye: sisi tuliokulia kwenye mbu mwili umeshaizoea malaria kidogo, lakini mimba inapoingia, wale vimelea wanapata mahali papya pa kujificha, kwenye kondo la nyuma. Wanakaa humo wanakula damu ya mama na kumnyima mtoto chakula, na mama anaweza asipate hata joto. Mimba ya kwanza ndiyo wanaitesa zaidi, kwa kuwa mwili bado haujajifunza kupambana nao humo. Anayeumwa haonekani mgonjwa mpaka damu iishe.

Mkeo alijua kuwa hayuko sawa. Nimemuuliza taratibu, akaniambia alikuwa anasubiri mshahara wako utoke ndipo akuombe nauli ya bodaboda. Aliona haya kukuomba katikati ya mwezi. Bodaboda mpaka zahanati na kurudi ni 6,000. Kaa na hiyo namba kichwani wakati unasoma yanayofuata.

Siku aliyoanguka ilikuwa usiku, mvua za mwisho za masika, barabara yote matope. Bodaboda wakakataa. Gari ya kukodi mpaka mjini Muheza ilitaka 70,000, na mwenye gari hakuondoka mpaka alipoishika mkononi. Jirani ndiye aliyetukopesha. Hospitali wakampima, malaria ipo, na damu imeshuka mpaka daktari akasema aongezwe. Damu haiuzwi, hilo nalo ni kweli. Ila waliomba ndugu waje watoe kufidia ile aliyowekewa. Baba yako mdogo na vijana wawili wa hapa jirani wakaja, Mwenyezi Mungu awalipe. Nauli yao nani alipe? Na mtu akishatolewa damu utamrudisha kijijini na njaa? Niliwanunulia chipsi na soda.

Siku hiyo mipira ya dripu ilikuwa imeisha pale, tukaandikiwa cheti twende duka la dawa nje ya geti. Na kanula, kile kisindano kinachobaki mshipani, na glavu. Vitu vidogo vidogo, kila kimoja elfu mbili, elfu tatu, lakini nesi anakuja na karatasi asubuhi, anakuja na nyingine jioni.

Halafu chakula. Sindano zile zinachomwa ya kwanza, ya pili baada ya saa kumi na mbili, ya tatu kesho yake saa ileile, ndipo anaanza vidonge vya mseto kwa siku tatu, vinne asubuhi, vinne jioni. Nesi akasema asivimeze tumbo tupu, ale kitu chenye mafuta, au anywe maziwa. Basi nilikuwa nanunua maziwa kwa mama ntilie wa pale getini, na supu, na uji wa mgonjwa, na mimi mwenyewe nile. Maji ya kunywa unanunua. Kuchaji simu unalipa. Usiku nilitandika khanga sakafuni ubavuni mwa kitanda chake, hilo tu ndilo halikuwa na bei.

Laki mbili yako iliishia hapo. Nikukumbushe pia kwamba hukuweka ya kutolea, kwa hiyo haikufika laki mbili.

Kuna hela ambayo hukutuma lakini imetoka, na ndiyo kubwa. Mimi nikiwa hospitali maandazi hayakupikwa. Wateja wangu wa stendi wakahamia kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, na wengine hawajarudi mpaka leo, kwa sababu anawakopesha. Mahindi yalikuwa yanataka palizi wiki ileile. Malaria huku ina tabia mbaya: inashika watu wakati wa mvua na mara tu baada yake, ndio wakati ambao shamba halisubiri mtu. Baba yako peke yake hakuweza, akaweka vibarua, na vibarua wanataka hela jioni. Mdogo wako akakosa shule ili ampikie baba yake na kuchota maji. Hakuna risiti ya hilo, na mtihani wa mwezi ameupata vibaya.

La machungwa ndilo linaloniuma. Ile miti ya bondeni nimeiuza kwa dalali ikiwa na matunda ambayo bado hayajaiva. Mwezi wa saba yakiiva wanunuzi wanakuja na malori mpaka kutoka Kenya, unapanga bei. Lakini dalali anajua kusoma uso wa mtu mwenye mgonjwa. Alinipa karibu nusu, akatoa noti mfukoni palepale, na mimi nikapokea. Akija kuchuma nitamkaribisha chai, kwa kuwa yeye hakunishika mkono.

Kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nacho kimenikopesha. Mfuko wa jamii walinipa bila riba, kidogo tu, ule ni wa kumsaidia mwenye msiba au mgonjwa. Zilizobaki nimekopa kwenye hisa na zina riba.

Sasa usifikiri hesabu imefungwa. Mtoto bado yuko tumboni, na daktari alisema aliyenyimwa chakula huko ndani anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au chini ya kilo mbili na nusu. Umeona mwenyewe kwa binti wa shangazi yako. Mtoto mdogo vile hawamruhusu mapema. Mama anakaa wodini amembeba kifuani ngozi kwa ngozi usiku na mchana mpaka aongezeke uzito, na nyumbani kuna mtu wa kuleta chakula kila siku. Hivyo ndivyo ng'ombe wao alivyokwenda.

Kwa hiyo kliniki asikose. Kuna vile vidonge vya SP vya kukinga malaria, vitatu, anavimeza mbele ya nesi. Vinaanza mimba ikiingia mwezi wa nne, kisha kila mwezi anapohudhuria, na zisipungue dozi tatu kabla ya kujifungua. Yeye alikuwa amepata moja tu. Najua utashtuka ukisikia SP. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria baada ya klorokwini kuachwa 2001, na watu wa huku waliiogopa, walisema inababua ngozi. Siku hizi kutibu ni kazi ya mseto, SP imebaki ya kuwakinga wajawazito. Amevumilia ya kwanza, atavumilia na nyingine. Vidonge vya kuongeza damu anywe vya kliniki. Usimnunulie huko mjini foliki asidi zile za miligramu 5, nesi amesema zinaipunguza SP nguvu.

Ombi langu ni moja, na si hela nyingi. Mwachie mkeo hela yake mkononi, elfu kumi tu isiyoguswa na mwingine, asihitaji kumwomba mtu ruhusa kuitumia, si wewe wala mimi. Akiitumia, jaza. Mwanamke akiumwa kichwa saa nne asubuhi apande bodaboda saa nne na nusu. Wanaume wengi mnatuma laki mbili kwa moyo mkunjufu mgonjwa akishalazwa, lakini elfu sita ya kumwahi mnaona inaweza kungoja mwisho wa mwezi. Baba yako amesoma hapa juu ya bega langu, amekohoa na kuondoka.

Kliniki yake ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kikoba kinakaa Jumapili, na marejesho ya kwanza ni siku hiyo. Ukituma, tuma Jumamosi kabla ya saa kumi na moja, wakala wa hapa anafunga mapema, na safari hii weka na ya kutolea.

Mama yako